Kijana ama msichana? Venye jinsia ya mtoto huamuliwa, na kwa nini hakuna wa kulaumiwa

Hii stori haiishi mtandaoni. Mwanaume fulani ameoa bibi wa pili juu wa kwanza "anazaa wasichana watupu", na hapo chini watu wanagawanyika makundi mawili. Kundi moja linasema mwanamke ndiye anabeba mimba miezi tisa kwa hivyo ni yeye anajua anazaa nini. Kundi lingine, na hawa wengi wanakumbuka bayolojia ya sekondari, wanajibu kwa hasira ati makosa ni ya mwanaume, yeye ndiye ana Y, ajilaumu mwenyewe. Nikisoma hizo komenti naona kundi la pili liko karibu na ukweli lakini bado limekosea mahali pakubwa, na hayo makosa yanaumiza watu, kwa hivyo wacha tuipitie hii maneno polepole kuanzia chini kabisa, bila maneno magumu ya daktari.

Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo sana ambavyo huwezi kuona bila hadubini, na ndani ya karibu kila seli kuna maagizo ya kuujenga mwili huo. Maagizo yenyewe yako kwenye DNA, na DNA imekunjwa ikawa vifurushi vinavyoitwa kromosomu. Jeni ni kipande cha hiyo DNA chenye kazi yake maalum. Watu wengi tuna kromosomu 46, zimepangwa mbili mbili, yaani jozi 23, na katika kila jozi moja umetoa kwa mama na nyingine kwa baba. Jozi 22 ni zilezile kwa wanaume na wanawake. Ni ile ya 23 inaleta maneno: kwa kawaida mwanamke ana X mbili, mwanaume ana X moja na Y moja. X ni kubwa, ina mamia ya jeni ikiwemo za kuona rangi na za kugandisha damu, na hakuna binadamu anaweza kuishi bila hata X moja. Y ni kadogo, jeni zake ni chache sana ukilinganisha, na nusu ya watu duniani wanaishi vizuri tu bila hiyo Y.

Seli za uzazi sasa, yaani yai la mama na mbegu za baba, zenyewe hazibebi jozi nzima, zinabeba nusu, kromosomu 23 tu, ndio zikikutana zitimie 46. Mama akigawanya zake, ana X na X, yai lolote litabeba X. Haijalishi alikula nini, amerogwa ama amebarikiwa, hana Y ya kutoa. Baba ana X na Y, na seli moja ya korodani ikigawanyika inatoa mbegu nne, mbili zina X, mbili zina Y. Hiyo kazi inafanyika usiku na mchana bila yeye kujua. Kwa hivyo mbegu za aina zote mbili zinatengenezwa karibu sawa kwa sawa na zinatoka zikiwa zimechanganyika, mamilioni kwa mamilioni, mara nyingi zaidi ya milioni 100 kwa mara moja, na moja tu kati ya hizo zote ndiyo inaingia kwa yai. Ikiingia yenye X, ni XX. Ikiingia yenye Y, ni XY. Hapo ndio jambo limeamuliwa, siku ileile, kabla mama hata hajajua ako na mimba.

Watu hawakujua haya zamani, na si Afrika peke yake. Ulaya kwa karne nyingi wasomi wao walifundisha kwamba inategemea joto la tendo, ama korodani ya kulia ndiyo ya vijana na ya kushoto ya wasichana. Jibu lilipatikana 1905 Marekani, na aliyelipata ni mwanamke, Nettie Stevens, alikuwa anafanya kazi chuo cha Bryn Mawr kule Pennsylvania. Alikuwa anachunguza mdudu, mbawakawa anayekula sana unga stoo. Akahesabu kromosomu chini ya hadubini: jike lilikuwa na 20 kubwa, dume lilikuwa na 19 kubwa na moja kadogo. Kisha akaona mbegu za dume ni aina mbili, zenye hiyo kadogo na zenye kubwa, akasema basi hii ndiyo inaamua. Mwanasayansi mwingine, Edmund Wilson, alifikia jambo hilo karibu wakati uleule na jina lake ndilo lilivuma zaidi. Stevens alikufa 1912 kwa kansa ya matiti akiwa na miaka 50. Mimi huona ni haki jina lake litajwe kila mtu akiongea juu ya X na Y.

Lakini kuwa na Y ni kitu kimoja na mwili kuwa wa kiume ni kingine, na hapa ndipo stori huwa tamu. Wiki tano za kwanza na kidogo ukiangalia kijusi cha XX na cha XY ndani ya tumbo, huwezi kutofautisha. Vyote vina vitezi viwili ambavyo havijakuwa korodani wala ovari, na vyote vina mifereji aina mbili, moja inayoweza kuwa mji wa mimba na mirija yake, nyingine inayoweza kuwa mirija ya kupitisha mbegu. Kila mtoto anaanza na uwezo wa njia zote mbili. Kisha karibu wiki ya sita hadi ya saba, jeni moja kwenye Y inaamka. Inaitwa SRY. Chukulia matatu imefika raundabauti pale inaweza kukata kulia ama kushoto na dereva anangoja: SRY ni makanga anayegonga bodi mara mbili, gari linakata upande wa korodani. Akishagonga kazi yake imeisha, hata akishuka hapo, gari halirudi nyuma, na wengine ndani ya gari ndio wanaendeleza safari.

Hao wengine ni jeni zingine na homoni. Vile vitezi vikishakuwa korodani vinaanza kutoa homoni mbili muhimu, moja inaua ile mifereji ya mji wa mimba, nyingine ni testosteroni, ambayo inakuza ile mifereji ya kiume, na ikibadilishwa kidogo na mwili inajenga uume na mfuko wa korodani. SRY isipoamka, jeni za upande wa ovari zinashika usukani, na mifereji ya mji wa mimba inaendelea kukua. Nasema zinashika usukani makusudi, maana kuna watu wanapenda kusema msichana ni kijana aliyekosa kitu. Si kweli. Ovari inajengwa na jeni zake ambazo zinafanya kazi kwa bidii na hata zinazuia za upande wa korodani zisiamke.

Tunajuaje ni SRY na si kitu kingine? Mwaka 1990 watafiti wa London waliitambua hiyo jeni kwenye Y ya binadamu, na 1991 wakachukua panya mwenye XX, ambaye angekuwa jike, wakamwekea jeni hiyohiyo ya upande wa panya, peke yake, akiwa bado yai lililotungwa. Akazaliwa na korodani. Kuhusu homoni, Mfaransa anaitwa Alfred Jost alikuwa ameshaonyesha miaka ya 1940, kwa sungura waliokuwa bado tumboni: ukitoa vile vitezi mapema, sungura anakua na mwili wa nje na mifereji ya jike hata kama angekuwa dume.

Sasa turudi kwa lawama, juu hiyo ndio ilinifanya niandike.

Kuna mama tulikaa naye ploti moja Umoja, mlango wake ulikuwa karibu na ngazi. Alipozaa msichana wa tatu mama ya bwana yake alikuja kutoka nyumbani, akaweka kiondo chini na viazi na ndizi ndani, akaletewa chai. Mtoto alikuwa amelazwa kwa kiti, amefunikwa shali ya manjano. Yule shosho akamwangalia kidogo, hakumbeba, akageukia kijana wake akamwuliza, "Na mwanaume mtapata lini?" Mwenye kuzaa alikuwa hapo hapo, amefanyiwa upasuaji, hata kuinama aokote kijiko hawezi. Hakuna aliyemjibu huyo shosho. Bwana aliangalia chini tu.

Simlaumu sana shosho. Kwa Wakikuyu kijana wa kwanza anaitwa guka wa upande wa baba, na msichana wa kwanza cucu wa upande huohuo, kwa hivyo bila kijana kuna jina la mzee linabaki likielea, na makabila mengi hapa kwetu yana njia zao za kumhitaji kijana, kuna shamba, kuna mazishi, kuna nani atakaa boma. Hiyo hamu naielewa. Shida ni kuelekeza hiyo hamu kwa mwili wa mwanamke kana kwamba kuna kitu alikataa kutoa.

Na yule bwana pia, hapana. Hapa ndipo kundi la pili linakosea. Ni kweli mbegu yake ndiyo inaamua. Lakini hakuchagua. Hakuna mwanaume anaweza kuamuru mbegu gani ifike kwanza, hawezi kuhisi ni gani imefika, hakuna mazoezi, hakuna nguvu za kiume zinazoingia hapo. Ukimwambia mwanaume "wewe ndio huna nguvu za kutoa kijana" umehamisha uongo kutoka nyumba moja ukaupeleka nyingine. Nimeskia wanaume wakichekwa baa ati mbegu zao ni dhaifu juu wana wasichana wanne. Mbegu yenye X ilisafiri njia ileile, ikashinda mamilioni yaleyale.

"Lakini mbona ni wasichana watano mfululizo?" Hesabu yake ni rahisi kuliko watu wanavyofikiria. Chukua familia zenye watoto watano. Kila mimba iwe ni nusu kwa nusu. Kwa kila familia 32 utapata kama moja hivi yenye wasichana watano watupu na nyingine moja yenye vijana watano watupu, bila mtu yeyote kufanya chochote. Sasa fikiria zile ghorofa za Pipeline zimebanana mpaka jua halifiki chini, fikiria ni familia ngapi ziko humo, halafu fikiria Nairobi nzima. Familia za jinsia moja lazima ziwe nyingi. Ni vile tu zile zilizochanganyika hakuna mtu huzizungumzia. Na mimba ya sita haijui kilichotokea kwa tano za kwanza, inaanza upya, karibu nusu kwa nusu tena.

Nimesema karibu juu si nusu kamili. Duniani huzaliwa vijana kama 105 kwa kila wasichana 100, na si jambo la juzi, 1710 daktari mmoja wa London, John Arbuthnot, aliangalia rekodi za ubatizo za miaka 82 akakuta kila mwaka vijana walikuwa wengi kuliko wasichana. Kuna pia swali la kama familia zingine zina mwelekeo. Utafiti mkubwa wa Sweden uliotolewa 2020, wa mamilioni ya watu, haukuona kwamba mtu anarithi tabia ya kuzaa jinsia fulani. Mwingine wa 2025 kutoka Harvard, uliofuata wauguzi wa Marekani zaidi ya 58,000, uliona familia za jinsia moja zimezidi kidogo zile ambazo hesabu inatarajia, na akina mama walioanza kuzaa wakiwa na umri mkubwa ndio walionekana hivyo zaidi. Hata ukichukua huo wa pili, tofauti ni ndogo, na umri wa mtu si kosa.

Basi zile ishara tunazoambiwa? Tumbo likichongoka na kukaa chini ni kijana, likiwa la mviringo na limekaa juu ni msichana. Umbo la tumbo linategemea misuli ya mama, urefu wake, ni mimba ya ngapi na mtoto amelala vipi. Uso kuharibika ati msichana anaiba urembo wa mama, hizo ni homoni za mimba na kila mwanamke ngozi yake inajibu tofauti. Mapigo ya moyo yakizidi 140 kwa dakika ni msichana, hapana, moyo wa kijusi chochote hupiga kasi mwanzoni kisha unapungua na unabadilika hata ndani ya saa moja. Hamu ya chakula nayo, sukari ni msichana, nyama na chumvi ni kijana, hiyo pia si ishara. Hapa nataka kusimama kidogo kwa odowa, yale mawe laini yanauzwa sokoni kwa vifurushi vya plastiki karibu na vitunguu, wajawazito wengi wanayatafuna na wengine wanaambiwa wakiyatamani sana ni kijana. Hamu ya udongo mara nyingi huja pamoja na upungufu wa damu. Badala ya kuhesabu kijana, mwambie muuguzi kliniki wapime damu.

Kuna nyingine inajifanya sayansi na ndio hunisumbua zaidi. Inasema mbegu ya Y ina mbio lakini inakufa haraka, ya X ni polepole lakini inadumu, kwa hivyo ukitaka kijana mkutane siku yai linatoka, ukitaka msichana mkutane siku kadhaa mapema. Hii ilienezwa na daktari Mmarekani anaitwa Landrum Shettles kuanzia miaka ya 1960. Inaskika vizuri, si ndio? Tatizo ni kwamba ilipimwa. Mwaka 1995 utafiti wa wanawake 221 waliokuwa wanatafuta mimba, walioandika kila siku walipokutana na waume zao na mkojo wao ukapimwa kila siku kujua yai limetoka lini, ulionyesha mambo mawili. Mimba inashika ndani ya siku sita tu zinazoishia siku yai linapotoka, na siku gani kati ya hizo haikubadilisha jinsia ya mtoto. Mbegu zenyewe zikipimwa mbio kwa mashine, za Y hazionekani kuwa na kasi kuliko za X.

Halafu kuna wenye dawa. Poda, majani ya kuchemsha, kalenda ya Wachina kwa simu, na mbaya zaidi kujiosha ndani na magadi ama siki "kubadilisha asidi". Tafadhali usijiwekee hivyo vitu ndani, vinaunguza na kuvuruga bakteria wazuri wanaolinda uke, unaishia na maambukizi. Na angalia venye hiyo biashara inaendeshwa. Mtu anauza dawa ya kupata kijana, elfu tatu, na anaahidi ukipata msichana anakurudishia pesa yote. Wateja 100 wanamletea laki tatu. Hata ikiwa ni majivu kwa karatasi, kama nusu watapata kijana. Hao hamsini watampigia simu kumshukuru, watampeleka kwa dada zao, wataandika ushuhuda. Hamsini wengine anawarudishia laki na nusu, kama ni mwaminifu, na bado amebaki na laki na nusu ya kazi ambayo hakuifanya. Ndio maana kila dawa ya jinsia ina mashahidi. Haiwezi kukosa. Hata mganga akikwambia ulale upande wa kulia atakuwa na mashahidi.

Mtu atasema, lakini wafugaji si wanachagua? Ndio wanachagua, na ukiona inavyofanyika utajua kwa nini poda haiwezi. Kule Githunguri na Kiambu yote mkulima wa maziwa anataka mtamba, hataki ndume. Daktari wa ng'ombe anakuja na mtungi wa naitrojeni, anafungua kifuniko moshi mweupe unamwagika chini, anachomoa kijirija chembamba chenye mbegu za fahali. Zile za bei ya juu zimechambuliwa. Mashine ya leza imepitisha mbegu moja moja, ikapima DNA, juu kwa ng'ombe mbegu yenye X ina DNA zaidi kwa karibu asilimia 4 kuliko yenye Y, ikazitenga. Hata hivyo haipatii zote, kwa kawaida ni karibu asilimia 90 wanazaliwa majike. Sasa angalia kilichochambuliwa hapo ni nini. Ni mbegu ya fahali. Hakuna mkulima anapiga ng'ombe wake akizaa ndume.

Kwa kuku ni kinyume, hapo mama ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti na jogoo ana mbili zinazofanana, kwa hivyo ni yai la kuku linaloamua kifaranga. Kobe wa baharini wanaotaga Watamu hawana hata hiyo, kwao ni joto la mchanga, ukiwa moto zaidi wanatoka majike wengi. Binadamu hafuati kuku wala kobe. Njia ya kuchagua iliyo ya hakika kwa binadamu ni ya maabara, mimba inatungwa nje ya mwili, seli chache za kiinitete zinapimwa kabla hakijarudishwa tumboni, ni ghali na ni safari ndefu, na hakuna anayeifanya kwa karatasi ya majivu.

Kuhusu skeni, watu hulalamika "walituambia msichana akatoka kijana, hospitali ilibadilisha mtoto". Mara nyingi hakuna aliyebadilisha. Hadi karibu wiki ya tisa sehemu za nje za watoto wote zinafanana, na hata wiki ya 12 bado ni ndogo mtu akaweza kukosea. Anayekupitishia kile kifaa tumboni anaangalia kivuli kati ya mapaja, na mtoto akiwa amefunga miguu ama kamba ya kitovu imepita hapo katikati, anakisia. Ngoja wiki ya 18 hadi 22, hapo inaonekana vizuri zaidi ingawa si mia kwa mia. Kuna pia kipimo cha damu ya mama kuanzia karibu wiki ya 10. Mwaka 1997 daktari Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vipande vya DNA ya mtoto huelea kwenye damu ya mama, kwa hivyo kukionekana vipande vya Y basi ni kijana, juu mama hana Y yake.

Kuna wale ambao hiyo njia ya X na Y haikunyooka, na nimewaachia nafasi mwishoni juu wanahitaji uangalifu. Wakati mwingine SRY inarukia kromosomu X wakati mbegu zinatengenezwa, mtoto anakuwa XX na mwili wa kiume. Wakati mwingine kuna Y lakini SRY yake haifanyi kazi, mtoto anakua msichana. Wakati mwingine korodani ziko ndani na testosteroni iko, lakini seli za mwili haziisikii kabisa, na mtu anazaliwa, anakua na anaolewa kama mwanamke, anagundua tu hedhi zisipokuja. Ndio maana shirikisho la riadha duniani lilipoanza Septemba 2025 kudai kipimo cha SRY kwa wanaotaka kukimbia mbio za wanawake, mjadala ulikuwa mkali hapa kwetu. Kipimo hicho kinakwambia kama jeni iko. Peke yake hakikwambii mwili uliifanyia nini.

Kenya ilihesabu watu hawa, wanaoitwa intaseksi, kwa sensa ya 2019, wakapatikana 1,524, na tulikuwa wa kwanza Afrika kufanya hivyo. Kabla ya hapo, 2014, Mahakama Kuu ilikuwa imeshughulikia kesi ya mtoto ambaye karatasi zake hospitalini ziliwekwa alama ya kuuliza mahali pa jinsia, na Sheria ya Watoto ya 2022 sasa inawataja watoto intaseksi kwa jina na kutaka wasajiliwe ipasavyo wakizaliwa. Si laana, si adhabu ya mzazi. Ni zile hatua za tumboni zilizochukua njia tofauti.

Kwa hivyo mtoto akizaliwa na sehemu za siri hazieleweki, usimfiche na usikubali kuharakishwa kwa upasuaji wa kumchagulia. Lakini mpeleke hospitali kubwa haraka, uulize daktari wa watoto anayeshughulikia homoni. Sababu iko: moja ya hali zinazoleta hivyo inatokana na tezi zilizo juu ya figo, na kwa watoto wengine inafanya mwili upoteze chumvi. Mtoto anaanza kutapika, hanyonyi, analegea, mara nyingi wiki ya kwanza hadi ya tatu, na anaweza kufa watu wakidhani ni kuhara tu. Ikijulikana mapema inatibiwa, kwa dawa za kila siku, na anakua.